Pai kwa Wazee wa Baraza

Jumamosi, 3 Septemba

Mimi ni mke wa mtu! Naandika hivyo hapa ukurasa wa kwanza ili daftari hili lisije likadhani linaandikwa na Twyla yule wa zamani, mchoma mikate wa duka la Hoffer. Sasa mimi ni Bi Kessinger, mke wa Merritt, jaji wa kaunti nzima, na kama kuna mwanamke mwenye furaha kuliko mimi huku Indiana, basi na aje tupimane.

Leo asubuhi amenitolea siri. Miaka miwili alikuwa akija dukani kila Alhamisi kununua mkate, na kila mara ananiomba nimkatie vipande. Kumbe mkate uliokatwa haupendi hata kidogo! "Nilikuwa nataka ugeuke uende kwenye mashine, nikutazame kwa raha zangu," akasema, na masikio yakamwiva. Mwanamume wa miaka hamsini na mbili! Anayefunga watu! Nilicheka hadi nikakaa sakafuni.

Jumatatu, 5 Septemba

Sikukuu ya Wafanyakazi, ile yetu ya Septemba, na gwaride lake. Tulikaa juu ya trela lililovutwa na trekta la binamu yake, bango la KESSINGER – JAJI limefungwa ubavuni, tukawarushia watoto peremende. Jaji naye huomba kura kama diwani, kila baada ya miaka sita, na miaka sita ya Merritt inaisha mwaka huu. Kura ni Novemba. Mpinzani wake, Lyle Brandt, alikuwa kwenye trela la nyuma yetu, na lazima niseme kweli, peremende zake zilikuwa bora.

Mbele ya benki mtu mmoja akapaza sauti: "Jaji! Yule Roush utamfunga, au na yeye utamrushia peremende?"

Watu wakaangua kicheko. Merritt akapunga mkono, lakini nilikuwa karibu naye, nikaona tabasamu limemgandia.

Mvua haijanyesha tangu Mei. Mahindi yamekaukia shambani, na upepo ukipita yanakwaruzana kama karatasi.

Ijumaa, 9 Septemba

Joto. Nimemkata Merritt nywele uani. Kishungi kimoja nimekihifadhi.

Jumatano, 14 Septemba

Kila ninakokwenda wananiuliza habari za kesi ya Denny Roush, na mimi sijui kitu kwa sababu Merritt hazungumzii kazi nyumbani. Ninachojua ni kile wanachokijua wote. Mavuno ya mwaka jana Denny alikuwa anaendesha lori la mahindi, akapita njia panda bila kusimama, akaligonga gari la Mwalimu Leota Vance. Mwalimu akafa papo hapo. Alifundisha nusu ya kaunti hii kusoma, na mimi nimo. Denny anasema breki zilimkatalia, na kwamba alikwisha kumwambia mwenye lori. Mwenye lori anasema hakuambiwa. Mitaani wanasema alikuwa akishindana mbio na wenzake.

Brandt ametia tangazo gazetini: "Je, Kessinger ana ubavu?" Mjinga. Hajui ubavu wa mume wangu.

Jumatatu, 19 Septemba

Kesi imeanza. Wamechaguliwa wazee wa baraza kumi na wawili, ingawa nusu yao ni wanawake na mmoja ana miaka ishirini na tatu. Hao ndio watakaosema Denny ana hatia au hana. Merritt anaongoza tu kesi, na kutoa adhabu ikibidi. Nilikaa nyuma nikimtazama katika joho lake. Moyo ulinidunda kama wa msichana wa shule.

Orville Pruitt, askari wa mahakama, aliniita pembeni. Ni mzee wa watu, kiuno kimepinda, amewahudumia majaji watatu.

"Bibie, nikwambie jambo. Marehemu Maxine, mke wa kwanza wa mheshimiwa, siku wazee wanapoingia kuamua alikuwa akiwaletea pai. Kila kesi. Watu walikuwa wanaomba waitwe barazani kwa ajili ya zile pai."

"Na zangu je?"

"Za kwako sijazionja. Siwezi kutoa ushahidi."

Ataonja! Nitachoma sita, za maziwa na sukari, kama za bibi yangu.

Jumatano, 21 Septemba

Leo sikwenda mahakamani, nilikuwa kwenye jiko tangu asubuhi. Ndiyo siku Denny mwenyewe alipotoa ushahidi, na siku walipoonyesha picha za gari la Mwalimu Leota. Merritt alirudi, akakaa kula, akaweka uma chini. Machozi yakamtoka. Hakufunika uso. Alilia tu, ametazama viazi. Nilimshika mkono, sikumwuliza kitu. Ee Mungu, umenipa mtu wa namna gani! Wangapi wangemlilia mwalimu mzee wa shule ya msingi?

Alhamisi, 22 Septemba

Nimefaulu!

Wazee waliingia kuamua saa nne. Saa saba nikapanda ngazi za mahakama na pai zangu, Orville akinibebea nusu. Alibisha mlango wa chumba chao, akaniambia niziweke mezani tu nitoke. Lakini uma zilikuwa zimesahaulika, ikabidi ashuke tena chini kuzifuata, na pai haiwezi kukaa bila kukatwa, kwa hiyo nikaanza kukata.

Walikuwa wamechoka, maskini. Vikombe vimejaa mezani. Nadhani walikuwa wamegombana. Mama Idella Crum, yule kiongozi wa akina mama kanisani kwetu, akasogea kunishikia sahani.

"Mheshimiwa hajambo, mwanangu? Namwona amekonda."

"Mama Idella," nikamwambia, "jana alilia mezani. Alilia kama mtoto mdogo kwa ajili ya Mwalimu Leota. Ninyi mnamwona kule juu na joho lile mnadhani ni jiwe. Laiti mngemjua ninavyomjua mimi!"

Wote wakageuka kunitazama. Mkulima mmoja mwenye mikono mikubwa, Clem Yoder, alibaki ameshika sahani hewani. Nilifurahi. Nilitaka kaunti yote imjue.

Kabla ya saa kumi na moja wakatoka: ana hatia. Watu walikumbatiana kwenye korido. Orville akaninong'oneza, "Sasa natoa ushahidi, bibie. Umempita Maxine."

Ijumaa, 23 Septemba

Merritt hakuamka vizuri. Nimempigia pasi mashati yote.

Jumamosi, 1 Oktoba

Mlo wa samaki kanisani. Mama Idella alikaa karibu yangu, akanifuta tone la mchuzi begani kama ninavyofutwa na mama yangu.

"Wewe ndiye uliyetufanya tulale usingizi, binti."

"Mimi? Kwa pai?"

"Kwa pai, na kwa lile neno lako. Saba kati yetu tulikuwa tunasema kijana aachiwe, na mimi nilikuwa wa mbele. Breki ni breki. Tukabishana hadi sauti zikakauka. Ndipo ukaja. Ulipotoka nikawaambia: jamani, mheshimiwa amesikiliza kesi kama hizi miaka na miaka. Akimlilia Leota, basi kuna jambo analijua ambalo sisi hatulijui. Clem ndiye wa mwisho kuinua mkono." Akanipapasa goti. "Kula samaki wako, anapoa."



Jumapili, 2 Oktoba

Nimemwambia.

Alikuwa anakusanya majani uani kwa reki. Nilimweleza yote bila kuficha neno. Nilijua atakasirika, na nilikuwa tayari kwa hasira yake, nilikuwa naitaka hata, kwa sababu baada ya hasira angekwenda kutengeneza. Ndivyo nilivyomjua.

Swali lake la kwanza lilikuwa: "Nani mwingine amesikia Idella akisema hivyo?"

"Hakuna."

Akaendelea kuvuta majani. Kisha akasema, bila kunitazama, "Sikumlilia Leota."

"Ulimlilia nani?"

"Yule kijana. Alisimama pale akasema kweli, Twyla. Nimekaa kwenye kiti kile miaka kumi na miwili, kweli ikisemwa naisikia. Na nikawatazama wazee wa baraza nikajiambia, hawa hawatamwamini."

"Lakini walimwamini! Saba walimwamini, hadi nilipoingia!"

Reki ikasimama. Jirani alipita na mbwa wake, wakasalimiana kuhusu ukame.

"Basi futa uamuzi wao," nikamwambia jirani alipokwisha kupita. "Unaweza. Si wewe ndiye jaji?"

"Wiki tano kabla ya kura? Nisimame mbele ya watu niseme kesi ya Leota Vance imeharibiwa na mke wangu na pai zake? Orville, aliyekuacha peke yako na wazee, atafukuzwa kazi bila hata asante. Wewe utaitwa kizimbani. Na Brandt atachukua kiti, na nakwambia, Brandt atafunga akina Denny mia moja na asitoe chozi."

"Lakini huyu mmoja, Merritt?"

Aliegemeza reki ukutani, akaja, akanishika mashavu kwa mikono inayonuka majani makavu. "Hukusema kitu. Ulikata pai. Umenielewa, mpenzi? Ulikata pai tu." Akanibusu kipaji cha uso.

Bado nampenda. Naandika kwa sababu ni kweli leo, na sijui kesho.

Jumatatu, 10 Oktoba

Vumbi la mashine za kuvuna limefunika madirisha, kamba za nguo, mabango ya Merritt. Wakulima wanasema hawapati hata nusu ya mwaka jana.

Ijumaa, 21 Oktoba

Siku ya adhabu. Sheria inampa jaji kati ya miaka miwili na minane. Wiki nzima nilijipa moyo: atampa miwili. Hiyo ndiyo njia yake, atatengeneza kimya kimya pasipo mtu kujua, na mimi nitamsamehe, tutazeeka pamoja.

Minane.

Aliisoma kwa sauti ile nzuri, ile iliyokuwa ikiniomba nikate mkate. Mama yake Denny, Wanda Roush, mpishi wa shule, hakulia. Alivaa koti lake, akafunga kitufe kimoja kimoja hadi shingoni, akabaki amesimama kana kwamba anangoja mtu amwambie mlango uko wapi.

Nyumbani nilimwuliza, "Kwa nini minane?"

"Miwili ingeonekana ni ya mtu mwenye wasiwasi."

Kisha akaomba aongezewe nyama. Muda mrefu hajala vizuri namna hii.

Jumatatu, 24 Oktoba

Nilikwenda kwa Phil Amstutz, wakili aliyemtetea Denny. Ofisi yake iko juu ya duka la viatu. Alinisikiliza amefumba macho. Nilipomaliza hakushangaa, na hilo ndilo lililonishtua mimi.

"Bi Kessinger, kaunti hii ina mahakama moja na jaji mmoja. Wateja wangu wengi hawana kitu, jaji ndiye anayeniteua niwatetee. Kila Jumatatu nasimama mbele ya mume wako."

"Lakini Denny ni mteja wako."

"Na wale wengine nao ni wateja wangu. Nikimuudhi kwa huyu mmoja, nani atawasikiliza wale?" Akafumbua macho. "Sikufukuzi. Uchaguzi upite, tutaongea. Muda wa kuomba kesi isikilizwe upya bado upo."

Ni maneno yale yale ya Merritt. Kila mtu huku anamtoa mmoja kwa ajili ya wengi, na mmoja mwenyewe hajaulizwa.

Jumatano, 26 Oktoba

Nikaenda mlango wa nyuma wa jiko la shule. Wanda alikuwa anaosha masinia ya watoto. Alinitambua, asinikaribishe.

Nilimwambia. Maji yaliendelea kutiririka.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Tena. Pole pole. Acha kulia, hakuna anayemsikiliza mtu anayelia. Sema kama utakavyosema mbele ya watu."

Nikasema tena na tena mpaka sauti ikasimama sawa. Ndipo akafunga bomba.

"Mumeo anajua uko hapa?"

"Hajui."

"Atakufukuza."

"Ile ni nyumba yangu pia."

Alinitazama kwa mara ya kwanza kwa kitu kinachokaribia huruma. "Mtoto wa watu, ile ni nyumba ya Maxine. Wewe ni mpangaji tu." Akakausha mikono. "Phil Amstutz niachie mimi. Atalileta hilo ombi hata kama itabidi nikalale juu ya meza yake."

Jumanne, 8 Novemba

Ameshinda. Kwa kura chache, lakini ameshinda. Ukumbi wa zimamoto ulijaa, watu wakacheza, Merritt akaninyanyua juu mbele ya wote. Shingo yake ilinukia sabuni niliyomnunulia. Na mwili wangu, huu mjinga, ukafurahi. Sijui niupeleke wapi.

Jumatano, 9 Novemba

Amstutz amepeleka ombi leo, siku moja baada ya kura. Jina langu limo.

Merritt aliingia jikoni na kofia kichwani. "Ungeniambia."

"Nilikuambia, uani, na reki mkononi mwako."

Mashati yake ameyahamishia chumba cha wageni, yote, yale niliyoyapiga pasi.

Jumatatu, 21 Novemba

Mvua! Sasa, wakati hakuna kilichobaki shambani.

Jumanne, 6 Desemba

Ameletwa jaji wa kaunti nyingine kusikiliza ombi, bwana mmoja mkavu aitwaye Tuttle. Denny aliletwa na pingu. Amepungua, masikio yamekuwa makubwa.

Koridoni kabla ya kuingia, Mama Idella alinikamata mikono yote miwili. Wazee wengine wa baraza walikuwa nyuma yake, wamevaa nguo za Jumapili.

"Usiogope, binti yangu. Tumeshaongea. Tutakutoa."

"Kunitoa wapi?"

"Katika hili. Watu wamekupotosha, wewe bado mgeni katika mambo haya. Hatutakuacha uaibike."

"Mama Idella, ninachotaka ni mseme kweli!"

"Shhh," akanibembeleza. "Jibu lako fupi, halafu kaa."

Niliapa mkono juu ya Biblia, nikasema kama Wanda alivyonifundisha, pole pole, bila kulia. Mwendesha mashtaka aliniuliza jambo moja: "Bi Kessinger, mmeoana lini?" Nikamwambia Agosti. "Ahsante," akasema, akakaa.

Kisha wakaitwa wao. Orville wa kwanza. Aliapa hakutoka chumbani hata dakika moja, na macho yake hayakufika nilipokaa. Baada yake mmoja baada ya mwingine: hakusema kitu, alikata pai. Alikata pai, akatoka. Mmoja akaongeza, "Na ilikuwa tamu sana, mheshimiwa," na mahakama ikacheka. Mama Idella alisema nilimsalimia tu kuhusu afya. Alisema akinitabasamia, kama mtu anayekuvusha barabara.

Clem Yoder alikaa muda mrefu akiangalia mikono yake mikubwa. "Sikumbuki," akasema mwishowe. Wanda alimtazama kutoka kitini hadi mlangoni.

Merritt wakamwomba maneno machache. "Mke wangu ana moyo mwepesi," akasema kwa upole, kwa upole wa kweli, hilo ndilo baya. "Harusi, uchaguzi, vyote kwa pamoja. Simlaumu."

Tuttle alikataa ombi kabla ya chakula cha mchana.

Nje mvua ilikuwa inanyesha. Nilimfuata Wanda hadi kwenye gari nikamwambia nisamehe. Akasema, "Ulisema vizuri. Wao ndio waliokupenda mno." Akaondoka.

Jumatano, 7 Desemba

Watatu wameniletea chakula leo, kila mmoja na sahani yake iliyofunikwa. Wanadhani naumwa.

Ijumaa, 30 Desemba

Merritt ameapishwa kwa miaka sita mingine. Ukumbi wa mahakama ulijaa, mashada ya Krismasi bado yananing'inia. Nilikwenda kwa sababu aliniomba kwa barua fupi aliyoiacha karibu na birika, na kwa sababu nilitaka kuona kama ataweza.

Karani akatoa Biblia ya mama yake Merritt, akaninyooshea. "Mke ndiye anayeishika," akasema, akicheka kidogo, kwa kuwa nilikuwa nimesimama tu.

Nikatia mikono mifukoni.

"Twyla," Merritt akasema chini chini. "Tafadhali. Watu."

"Nimeshagusa Biblia mara moja mwezi huu," nikamwambia. "Haikunisaidia kitu."

Nilisema kwa sauti ya kawaida, lakini ukumbi ulikuwa kimya. Mtu alikohoa. Orville alikuwa mlangoni akiangalia viatu vyake. Niliona shingo ya Merritt ikianza kuwa nyekundu, kuanzia kola kwenda juu, na kwa kitambo nikafikiri: sasa. Sasa atageuka, atawaambia. Nilingoja. Nadhani na yeye alingoja.

"Lete hapa, lete hapa," Mama Idella akasema, akijipenyeza kutoka safu ya mbele na kofia yake ya manyoya. "Maskini, mikono yake ni baridi." Akaichukua Biblia kwa karani, akajiweka sawa, akainua kidevu.

Merritt akaweka mkono wa kushoto juu yake, akainua wa kulia, akaapa kutoa haki kwa kila mtu bila hofu wala upendeleo. Mama Idella aliishika kwa mikono miwili, na haikutikisika hata kidogo.